DOA LA MAFUTA HALIFICHIKI

Najua wengi wenu mmezoea kusoma hapa mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Mimi leo nimekuja na jambo la nyumbani kabisa: jinsi ya kuondoa doa la mafuta ya chakula kwenye nguo na kwenye makochi. Msicheke. Kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu tazama sweta yako, hasa hapo kifuani na kwenye mkono wa kulia. Kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa kama mimi, unayekula mandazi ukitembea ili kengele isikupate njiani, nina hakika kuna doa hapo. Tena nina hakika umeshalifua mara tatu na halijatoka.

Nimeandika makala haya kwa sababu doa moja dogo, lisilozidi sarafu ya shilingi moja, lilimfanya mama yangu apoteze mshahara wa siku tatu na karibu apoteze jina lake. Na aliyelifanya doa hilo ni mimi.

ILIVYOKUWA

Nyumbani kwetu ni Witeithie, kando ya barabara kuu ya Thika, ukishapita Juja lakini kabla hujafika Thika mjini. Kwa Kikuyu jina hilo lina maana ya "jisaidie". Mama yangu hujisaidia, na kutusaidia sisi, kwa mikono yake. Yeye ni mama fua. Asubuhi hupanda matatu hadi Juja, akafua nguo za familia na za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha JKUAT, na jioni hurudi na shilingi 500. Kazi ikiwa nyingi huongezewa kidogo. Kwa pesa hizo tunalipa nyumba, tunanunua unga, na karo yangu inalipwa pole pole.

Katika likizo ya Aprili, mteja mmoja alimpa shati la mumewe aje nalo nyumbani, alifue na kulipiga pasi vizuri. Lilikuwa shati jeupe la mikono mirefu, la kuvaliwa kwenye ruracio ya shemeji yake. Mama alilifua, akalianika, kisha akaniambia, "Baba, washa pasi ulinyooshe hilo shati, mimi naenda sokoni." Mama huniita "baba" kwa sababu mimi ni mtoto wa pili wa kiume na nimepewa jina la baba yake mzazi. Kwetu ndivyo ilivyo.

Basi nikawasha pasi ya makaa. Nikiwa nangoja makaa yakolee, nikanunua bajia za shilingi ishirini, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Nikaanza kuzila huku nimeinama juu ya shati. Tone moja la mafuta likadondoka, tap, juu ya mfuko wa kifuani.

Nilishtuka. Nikachukua kitambaa kibichi nikasugua. Doa likawa kubwa zaidi. Nikawaza, "Si maji hukauka kwa pasi? Basi na hili litakauka." Nikabonyeza pasi ya moto juu yake kwa nguvu zangu zote. Shati lilipopoa, doa lilikuwa pale pale, pana kuliko kwanza, na kingo zake zilionekana wazi. Nikafanya jambo la aibu. Nililikunja shati lile vizuri sana, mfuko ukaingia ndani, nikaliweka kwenye mfuko wa karatasi. Mama aliporudi akanisifu kwa kazi nzuri.

Siku nne baadaye mama alirudi na shati lile lile. Mteja alikuwa amelifungua asubuhi ya ruracio, watu wakiwa tayari garini. Alimkata mama shilingi 1,500, akamwambia ashike shati hilo na asirudi kwake mpaka aitwe. Mama alikaa kwenye kochi bila kufungua leso. Kisha akaanza kuitazama mikono yake, hapa na pale, akasema, "Labda nilitoka kupika nikalishika. Sikumbuki. Mimi nazeeka."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Usiku ule sikupata usingizi hata lepe. Kabla ya saa kumi alfajiri, mama alipoamka kuwasha jiko, nikamwambia yote. Nilidhani atanichapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, ungeniambia siku ile ile ningelitoa kwa unga wa ugali. Sasa wewe umelipika."

Neno hilo "umelipika" ndilo lililonifanya nitake kujua. Nilimuuliza mama yote anayoyajua katika kazi yake ya miaka mingi. Shule ilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu wetu wa kemia sababu zake. Mada ya sabuni ni ya kidato cha nne, lakini alinieleza mbele ya wakati. Hayo ndiyo nitakayowagawia.

KWA NINI MAJI PEKE YAKE HAYATOI MAFUTA

Weka maji kwenye glasi, kisha tia mafuta ya kupikia. Koroga utakavyo. Ukiacha kidogo, mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini. Molekyuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na haziyapi mafuta nafasi katikati yao. Ndege wa bawa moja huruka pamoja, na kwa kemia ni hivyo hivyo: mafuta huyeyuka kwenye vitu vya jamii ya mafuta. Ndiyo sababu kitambaa changu kibichi hakikunisaidia. Kilichofanya ni kulisukuma tone lile liingie kwenye nyuzi nyingi zaidi.

Sabuni ni mpatanishi. Molekyuli yake ni ndefu kama kiluwiluwi: ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji na mkia unapenda mafuta. Ukipaka sabuni kwenye doa, mikia yote hujichoma ndani ya mafuta, vichwa vikabaki nje. Mafuta hukatika vipande vidogo sana, kila kipande kikizungukwa na vichwa vya sabuni kama mpira uliovishwa koti. Ukisuuza, maji hushika vichwa, na vichwa huburuta mafuta yakaenda nayo.

La kushangaza ni kwamba sabuni yenyewe hutengenezwa kwa mafuta. Mafuta ya mimea au ya wanyama huchemshwa pamoja na soda kali, yakageuka kuwa sabuni. Tena hatuhitaji kwenda mbali kuona ujamaa huo. Kampuni ya Bidco, ambayo ilijenga kiwanda chake cha mafuta ya kupikia hapa Thika mwaka 1991, ilianza kwa kushona nguo kule Nyeri, kisha ikaingia kwenye sabuni mwaka 1985, ndipo ikafika kwenye mafuta. Nguo, sabuni na mafuta: mambo yote matatu ya makala haya katika kampuni moja ya jirani.

KWA NINI PASI NI ADUI

Umewahi kutazama karai la mtu anayekaanga mandazi stejini? Nje, kwenye kingo, kuna utando wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi. Ukiukwaruza kwa kijiko hautoki. Utando ule hapo mwanzo ulikuwa mafuta ya kawaida, mepesi, yanayotiririka. Moto na hewa ndivyo vilivyoyabadilisha. Mafuta ya maji, yale tunayoyaita mafuta ya salad, yakipata joto hushikana na oksijeni ya hewa, na molekyuli zake huungana moja na nyingine zikawa minyororo mirefu. Hapo si mafuta tena, ni kama rangi ya kupaka iliyokauka.

Pasi ikipita juu ya doa hufanya mambo mawili. Kwanza, joto huyafanya mafuta kuwa mepesi, yakapenya mpaka ndani ya uzi. Pili, huanza ule upishi wa karai. Hata bila pasi, doa likikaa miezi kabatini hewa hufanya kazi hiyo polepole, ndiyo maana nguo iliyowekwa ikiwa na doa hutolewa ikiwa na alama ya manjano. Doa la leo ni mafuta, lakini doa la mwaka jana limeanza kuwa gundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HATUA ZA KUTOA DOA JIPYA KWENYE NGUO

Hizi ndizo hatua za mama yangu. Hazihitaji pesa nyingi.

1. Usisugue. Kama kuna chakula juu yake, kikwangue kwa mgongo wa kijiko. Bonyeza kwa karatasi ya shashi au kitambaa kikavu ili kinyonye mafuta ya juu. Kama ni mafuta ya kuganda, kama vile Kimbo asubuhi ya baridi ya Julai, yaache yagande kabisa halafu uyakwangue.

2. Nyunyiza unga. Unga wa ugali, unga wa ngano au poda ya mtoto, vyote hufaa. Lifunike doa kabisa, liache kwa nusu saa. Unga hunyonya mafuta kutoka kwenye nyuzi kama vile mchanga unavyonyonya maji. Kisha kung'uta. Ukiona unga umelowa na kushikana, nyunyiza mwingine. Ukiwa shuleni na huna unga, tumia chaki nyeupe ya ubaoni. Isage iwe vumbi, ubonyeze juu ya doa. Hapo ndipo nilipojua kwamba CHAKI, yaani Chama cha Kiswahili, na chaki ya ubaoni zote mbili zinaweza kumwondolea mtu aibu. Lakini usitumie chaki ya rangi, utaongeza doa juu ya doa.

3. Paka sabuni nguo ikiwa kavu. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunatumbukiza nguo majini kwanza. Maji yakitangulia huifunika nguo na sabuni hukosa pa kushika. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile tunayopimiwa kwa chupa, matone machache tu, uipake pole pole kwa kidole. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sufuria, kwa hivyo ya nguo haiyaogopi. Kama huna, lowesha kidogo sabuni ya kipande uipake mpaka doa lote lifunikwe. Liache kwa dakika kumi na tano hadi nusu saa.

4. Sasa fua kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Vuguvugu huyalainisha mafuta ya kuganda ili sabuni iyashike. Lakini sweta ya sufi isitiwe maji ya moto, itarudi na kuwa ya mtoto wa chekechea.

5. Suuza, kisha anika kivulini. Usipige pasi bado! Nguo ikiwa mbichi huwezi kuliona doa, kwa sababu nguo yote imeiva rangi ya maji. Ikikauka, ipeleke mlangoni uitazame kwenye mwanga wa mchana. Ukiona kivuli cha doa, rudia hatua ya tatu. Pasi ni ya mwisho kabisa, doa likiwa limekwisha.

Jambo la vitambaa pia lina maana. Pamba hupenda maji, kwa hivyo huachilia mafuta kwa urahisi kiasi. Polista imetokana na mafuta ghafi ya petroli, na basi hupenda mafuta kuliko maji. Nyingi za sare zetu ni mchanganyiko wa vyote viwili. Ndiyo maana wakati mwingine unarudia mara mbili. Usikate tamaa, haraka haraka haina baraka.

Maji nayo yaangaliwe. Katika ploti yetu tunatumia maji ya kisima, na hayatoi povu upesi. Maji kama hayo huitwa maji magumu, kwa sababu yana kalisi na magnesi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo huganda na kufanya utando mweupe juu ya maji, na nusu ya sabuni hupotea bure. Siku ya kutoa doa ni afadhali kutumia maji ya mvua kama unayo, au sabuni ya unga, ambayo haisumbuliwi sana na maji magumu.

DOA LENYE RANGI

Mchuzi wa bizari, nyanya au pilipili huacha madoa mawili mahali pamoja: mafuta na rangi. Rangi imejificha ndani ya mafuta. Kwa hivyo toa mafuta kwanza kwa hatua zile zile. Ikibaki rangi ya manjano ya bizari, anika nguo nyeupe kwenye jua kali la saa sita. Jua huifuta rangi ya bizari siku hata siku. Lakini kumbuka utaratibu: sabuni kwanza, jua baadaye. Ukianika jua likiwa kali na mafuta yangali ndani, utalipika kama mimi nilivyolipika.

KOCHI HALIINGII KWENYE BESENI

Mwezi wa Agosti jirani yetu alinunua makochi mapya ya kulipia pole pole. Jumapili iliyofuata wanawake wa chama chake walikuwa waje kwake, na alikuwa ameshayavisha vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono. Ijumaa jioni mtoto wake wa miaka mitatu akapindua sahani ya pilau juu ya kiti kirefu. Nilisikia kelele nikakimbia. Nilimkuta ameshika beseni la maji ya sabuni, tayari kumwaga.

"Anti, usimwage!" nikapiga kelele.

Kochi halifuliwi kama nguo kwa sababu ndani yake kuna sponji na mbao. Maji ukiyamwaga hushuka na mafuta mpaka kwenye sponji, na huko hayakamuliki. Baada ya siku mbili kochi litanuka uvundo, na juu kutabaki pete ya maji ambayo ni mbaya kuliko doa. Tulifanya hivi:

Tuliokota wali kwa kijiko tukitoka ukingoni kwenda katikati, ili doa lisitanuke. Tukabonyeza kwa karatasi ya shashi mara nyingi, kila mara sehemu safi ya karatasi. Tukafunika kwa unga wa ngano, tukaupigapiga kwa kiganja, tukauacha usiku kucha. Asubuhi tuliondoa unga kwa brashi ya nguo iliyo kavu. Sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa imeondoka na unga huo.

Halafu tukatia matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye bakuli la maji, tukakoroga mpaka likajaa povu. Tulitumia povu tupu, maji tukayaacha. Kwanza tulilijaribu nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana, kuona kama rangi ya kitambaa itatoka. Haikutoka. Ndipo tukapaka povu juu ya doa kwa kitambaa cheupe, tukigusa na kuinua, kugusa na kuinua, toka nje kuelekea ndani. Kisha kitambaa kingine kilichokamuliwa sana kikaondoa sabuni, na cha tatu kikavu kikanyonya unyevu. Sabuni isipoondolewa yote huvuta vumbi, na baada ya mwezi unaona kochi lina alama nyeusi pale pale ulipolisafisha. Mwishowe tulifungua madirisha na mlango pepo zikapita. Kochi la mahameli lipitishiwe brashi kwa upande manyoya yanapolala. La ngozi halitaki maji mengi. Unga au chaki, kisha kitambaa chenye unyevu mdogo, basi.

Jumapili wageni walikaa pale pale. Hakuna aliyeuliza kitu. Anti aliniletea chapati tatu, nami nikazila nikiwa nimevua shati.

MAMBO YA KUEPUKA

Wako watu wanaotoa doa kwa petroli au mafuta ya taa. Ni kweli, hivyo huyeyusha mafuta ya chakula kwa sababu ni vya jamii moja, lakini vyumba vyetu ni vya futi kumi kwa kumi na jiko liko ndani humo humo. Mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Shati linaweza kununuliwa tena. Usifanye hivyo nyumbani.

Njia hiyo ya kutumia vimiminika visivyo maji ni ya madobi wakubwa wenye mashine maalumu, na ina historia yake. Mwaka 1821, mjini New York, fundi wa nguo aliyeitwa Thomas L. Jennings alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa njia yake ya kusafisha nguo kikavu. Anatajwa kuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kupewa hati ya namna hiyo, tena wakati watu wengi weusi nchini mwake walikuwa bado watumwa. Hati yenyewe iliungua katika moto wa ofisi ya hataza mwaka 1836, lakini jina lake halikuungua. Nilipomsomea mama habari hizi alitabasamu akasema, "Kumbe kazi yetu ina wazee."

La pili, Jik na dawa nyingine za kung'arisha haziondoi mafuta. Huondoa rangi tu. Ukizitia kwenye shati la mistari utapoteza mistari na doa libaki. Tena usizichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwa maana hutoa hewa ya sumu.

La tatu, usifiche doa. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

MWISHO WA SHATI

Shati lile nililifanyia kazi jioni tatu mfululizo. Nililipaka sabuni ya vyombo nikaliacha usiku kucha, nikalifua asubuhi kwa maji ya vuguvugu, nikalianika kivulini, jioni nikaanza upya. Jioni ya kwanza sikuona tofauti. Ya pili kingo zilianza kufifia. Ya tatu kulibaki kivuli cha manjano ambacho usingekiona mpaka ukiambiwa kiko wapi. Hapo pakagoma. Nilichokipika hakikuweza kurudi kuwa kibichi chote.

Mama aliponiona nimelikunja shati, safari hii mfuko ukiwa nje, akasema, "Vaa viatu twende Juja." Sikupenda. Njiani ndani ya matatu sikusema neno. Tulipofika, mama alisalimu, kisha akanisukuma mbele kidogo kwa mkono. Nikamwambia mteja yule kwamba mama hakukosea, ni mimi niliyekula bajia juu ya shati na kulificha. Nilitetemeka kama unyasi. Yeye alilichukua shati, akaenda nalo dirishani, akaligeuza geuza. Pesa hakurudisha, nasi hatukuomba. Shati alisema ni letu. Lakini tulipofika langoni alimwita mama akamwambia, "Jumatatu usikose, nguo zimejaa."

Mama sasa hufua kwake kila Jumatatu. Hata hivyo, kila akimaliza kufua shati jeupe hulipeleka mlangoni kwenye mwanga na kulitazama, mbele na nyuma, muda mrefu kuliko alivyokuwa akifanya zamani. Hilo halijatoka.

Basi msomaji mwenzangu, mafuta yakikudondokea leo, usingoje kesho. Tafuta unga, tafuta chaki, na umwambie mwenye nguo. Kama unatoka Witeithie kama mimi, jina la mtaa wetu limeshakuambia la kufanya: jisaidie, tena mapema. Kwaherini ya kuonana.